Je, mtetemo wa altrasaundi unaweza kuokoa mshono kati ya alumini na magnesiamu?

*"Nina karakana ndogo Tanga ninakotengeneza misumeno ya mnyororo na injini za boti. Mteja ameniletea bodi ya msumeno iliyovunjika sikio moja la kufungia. Nikachonga sikio jipya kwa alumini ya milimita 5 na kulichomelea kwa TIG (tao la umeme linalolindwa na gesi), mkondo geu na gesi ya agoni, kama ninavyochomelea alumini siku zote. Mshono ulipendeza. Ulipokuwa unapoa nikasikia mlio mdogo, tik, na nilipobana bodi kwenye jiriwa na kugonga sikio kwa nyundo ndogo, lilikatika kama kigae. Baadaye vumbi la tupa kutoka kwenye bodi liliwaka moto mweupe, nikajua ni magnesiamu. Nimesoma kwamba mtetemo wa altrasaundi huimarisha mishono ya metali mbili nyepesi zisizofanana. Nina beseni la kuoshea vipuri la kHz 40, na jirani anauza mashine kuukuu ya kuunganishia plastiki ya kHz 20. Je, nikiitetemesha kazi wakati ninachomelea, mshono utashika?"*

Ndugu yangu, umeuliza maswali mawili kwa pamoja: kwa nini mshono uliopendeza machoni ulivunjika kwa kugongwa kidogo tu, na kama mtetemo ungeuokoa. Nianze na jibu la pili ili usije ukampa jirani fedha kabla hujamaliza kusoma. Kwa kazi hii, kwa vifaa hivyo, hapana. Hata hivyo ulichokisoma ni kweli, kwani kuna mishono ya alumini na magnesiamu inayonufaika na altrasaundi. Tofauti kati ya mishono hiyo na wako iko katika namna metali zenyewe zinavyokutana, na ukiielewa tofauti hiyo utajua pia la kufanya na bodi iliyopo mezani kwako.

Kwanza niondoe wasiwasi kuhusu mkono wako. Mafundi wengi mshono wa namna hii ukiwavunjikia hulaumu uchafu, gesi kidogo au moto mdogo, kisha hurudia wakiwa wameongeza moto, na mara ya pili huwa mbaya zaidi. Kosa lako halikuwa katika kuchomelea. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi na magnesiamu kwenye nyuzi 650, zote ni nyepesi, zote huvaa ngozi ya oksaidi, na dimbwi lao huchanganyika vizuri chini ya taa ya TIG. Mtu anazidhania kuwa ndugu, na huko kuchanganyika vizuri ndiko kunakoharibu kazi, kwa sababu zikishayeyuka pamoja hazibaki kuwa alumini na magnesiamu. Zinaungana kikemia na kutengeneza misombo yenye fomula zake, ambayo mikuu ni Al3Mg2 na Mg17Al12. Misombo hii ni migumu, na haina uwezo wa kujipinda hata kidogo. Metali ya kawaida ikizidiwa hunyooka kabla ya kukatika, lakini misombo hii hupasuka ghafla kama kauri.

Tazama sasa hesabu ya dimbwi lako. Katika msombo wa kwanza magnesiamu ni kama asilimia 37 ya uzito, na katika wa pili ni kama asilimia 56. Ukichomelea sikio la alumini kwenye bodi ya magnesiamu ukayeyusha kiasi kinachokaribiana kutoka kila upande, dimbwi lako linaangukia katikati ya namba hizo mbili. Maana yake ni kwamba likiganda, karibu lote linakuwa misombo. Haikuwa tabaka jembamba la udhaifu ndani ya mshono mzuri. Sehemu kubwa ya mshono wenyewe ilikuwa kigae, na ile sura ya kupendeza uliyoiona ilikuwa sura ya kigae kilichoganda vizuri.

Ule mlio wa "tik" nao una maelezo yake. Mchanganyiko wa metali hizi una sehemu ambazo hubaki majimaji mpaka joto lishuke karibu na nyuzi 450 upande wenye alumini nyingi, na nyuzi 437 upande wenye magnesiamu nyingi, yaani nyuzi mia mbili chini ya joto la kuyeyuka kwa metali zenyewe. Metali inayozunguka mshono huwa imeshaganda na inajikunja inapopoa, ilhali katikati bado kuna utando wa majimaji usio na nguvu yoyote. Utando huo hufunguka na kuacha nyufa, kisha misombo ikishaganda huendelea kuvutwa na metali inayopoa mpaka ipasuke yenyewe. Ukiutazama uso wa mvunjiko kwa lenzi, naamini utaona umbo la kijivu lenye kung'aa kwa vipande vipande bapa, si ule uso wenye vinyweleo unaouona alumini inapochanika.

Sasa tuje kwenye mtetemo. Altrasaundi ni mtetemo wa kasi kuliko sikio la binadamu linavyoweza kusikia. Kwa asili ni jamaa wa ile ya hospitali, ila kwa kazi ya metali kasi yake ni ndogo zaidi, mara nyingi kHz 20, na nguvu yake ni kubwa zaidi. Ncha ya mashine huenda na kurudi mara 20,000 kwa sekunde, na kila mwendo ni mfupi sana: mikromita 20 hivi kutoka katikati, pungufu ya unene wa unywele. Ukifanya hesabu, mwendo huo mdogo unaifanya ncha ibadili mwelekeo kwa nguvu inayozidi mvutano wa dunia zaidi ya mara 30,000. Hapo ndipo uwezo wake ulipo.

Nguvu hiyo hufanya kazi tofauti kulingana na hali ya metali. Juu ya uso mkavu huvunja ngozi ya oksaidi, ambayo kwa alumini ni adui mkubwa kwa kuwa huyeyuka kwenye nyuzi zinazozidi 2,000. Ndani ya metali iliyoyeyuka huzaa viputo vidogo vinavyofumuka na kupasuka, na mishtuko yake hukatakata fuwele zinazoanza kukua, hivyo mshono huganda kwa punje ndogondogo. Na ndani ya metali ngumu hutokea jambo ambalo mwaka 1955 watafiti Blaha na Langenecker walilionyesha kwa fuwele za zinki: walipokuwa wakizivuta na kuwasha altrasaundi, nguvu iliyohitajika kuzivuta ilishuka papo hapo, na walipoizima ikapanda tena. Metali inayotetemeshwa hukubali kubadili umbo kwa nguvu ndogo zaidi, na hulainika bila kulazimika kuyeyuka.

Kuna dhana moja inayopaswa kurekebishwa hapa, kwa sababu nimeisikia mara nyingi kwa wanafunzi na kwa mafundi wazoefu pia. Wanasema: mtetemo huchanganya, na kilichochanganyika vizuri hushikana vizuri. Kwa alumini na alumini, maneno hayo yana ukweli fulani. Kwa alumini na magnesiamu zilizoyeyuka, kuchanganya vizuri zaidi ni kutengeneza msombo mwingi zaidi, tena uliosambaa sawasawa. Punje zitakuwa ndogo, nyufa huenda zikapungua kidogo, lakini kigae cha punje ndogo bado ni kigae. Kinachoamua ni uwiano wa metali katika dimbwi, na mtetemo hauwezi kuubadili uwiano huo.

Mahali ambapo altrasaundi inaleta faida ya kweli ni kwenye njia zisizoyeyusha. Iliyochunguzwa zaidi ni ile ya kuunganisha kwa msuguano wa kukoroga, iliyobuniwa mwaka 1991 katika TWI, taasisi ya uchomeleaji huko Uingereza. Kifaa cha chuma kigumu, chenye bega pana na pini fupi, huzungushwa na kuzamishwa kwenye maungio ya mabamba mawili, kisha husogezwa polepole kufuata mstari. Msuguano huipasha metali joto mpaka inalainika, na pini huikoroga kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuchomelea kwa TIG ni kama kukoroga uji, na njia hii ni kama kusonga ugali: kitu hakimwagiki, kinageuzwa na kukandwa kikiwa bado kigumu.

Hata kwa njia hiyo misombo haikosekani. Pale ambapo alumini imegusana na magnesiamu chini ya joto, atomu huvuka mpaka na tabaka la msombo huanza kuota. Unene wake hutegemea joto na muda, na joto ndilo lenye uzito zaidi, maana nyuzi chache za ziada huharakisha ukuaji kwa kiasi kikubwa. Ikiwa mahali fulani joto litagusa zile nyuzi 437, utando wa majimaji hutokea na tunarudi kwenye tatizo lako la TIG kwa kiwango kidogo. Kwa hiyo anayetumia njia hii hubanwa pande mbili: akipunguza joto metali haikorogeki vizuri na huacha matundu, na akiliongeza tabaka la msombo hunenepa.

Ni katika mbano huo ambapo mtetemo unamsaidia. Kwa kuwa hulainisha metali bila kuhitaji joto kubwa, humwezesha kukoroga vizuri akiwa na moto mdogo zaidi. Watafiti wa Kaiserslautern na baadaye Chemnitz, Ujerumani, walitetemesha bamba lenyewe pembeni ya mstari wa kazi wakati kifaa kinapita kati ya alumini na magnesiamu, na wenzao wa Chuo Kikuu cha Shandong, Uchina, wakaelekeza ncha inayotetemeka kwenye bamba mbele kidogo ya kifaa. Walichokiona kwenye hadubini ndicho kiini cha jibu langu: tabaka la msombo halikutoweka, bali lilikuwa jembamba zaidi, na mahali ambapo kwa kawaida lingekuwa utepe mmoja unaoendelea lilionekana limekatikakatika, vipande vyake vikiwa vimetawanyika ndani ya metali laini. Ufa unaoanza kwenye utepe mzima hukimbia hadi mwisho bila kizuizi, lakini ufa unaoanza kwenye kipande kidogo hukutana na alumini au magnesiamu inayoweza kujipinda, na hapo husimama au hulazimika kutafuta njia nyingine.

Ukikata mshono wa namna hiyo, ukausugua kwa msasa hadi ung'ae kama kioo na kuupaka tindikali hafifu, utaona metali mbili zimejisokota kama maziwa yanavyojisokota kwenye chai kabla hujakoroga sawasawa. Mimi hupenda kuwaonyesha vijana picha hiyo kabla ya kuwapa namba zozote, kwa sababu anayeiona anaelewa mara moja kwamba uimara wa kiungo uko kwenye mikunjo ile, na kwamba mstari mmoja mweupe unaoendelea kati ya rangi mbili ni habari mbaya.

Lakini faida hiyo ina mipaka yake, na lazima niiseme. Mtetemo husaidia mshono ambao tayari uko karibu na kuwa mzuri, yaani wenye kasi, mzunguko na nafasi ya pini iliyochaguliwa kwa uangalifu. Mshono uliopikwa kupita kiasi hauokolewi. Tena altrasaundi yenyewe huleta msuguano na joto, na huharakisha mwendo wa atomu. Katika kuunganisha kwa altrasaundi peke yake, ambako mabamba mawili membamba husuguliwa yakiwa yamebanwa kwa muda usiofika hata sekunde moja, tabaka la mikromita kadhaa la msombo limeshaonekana likiota kati ya alumini na magnesiamu katika muda huo mfupi. Kwa hiyo kuzidisha mtetemo kunaweza kurudisha kile kile tulichokuwa tunakikimbia.

Tukija kwenye vifaa vyako: beseni la kuoshea vipuri limetengenezwa kupeleka nguvu yake kwenye maji, na nguvu hiyo imetawanyika kiasi kwamba inatosha kung'oa grisi lakini si kulainisha metali. Mashine ya plastiki ina nguvu ya kutosha, ila ncha yake hupiga kwa kushuka na kupanda juu ya kazi. Metali kavu huunganishwa kwa ncha inayosugua sambamba na uso, ikiwa imekandamizwa kwa nguvu kubwa, na hata hivyo ni kwa vitu vyembamba, mara nyingi visivyozidi milimita chache: waya, karatasi za metali, vibamba vya kuunganishia betri. Sikio la milimita 5 juu ya bodi ya kalibu haliingii humo. Hata ukiifunga ncha hiyo kwenye bodi wakati unachomelea, huwezi kujua ni kiasi gani cha mtetemo kinafika kwenye dimbwi. Wimbi la kHz 20 ndani ya alumini lina urefu wa kama sentimita 25, kwa hiyo kuna sehemu za kazi zinazotetemeka sana na nyingine zinazotulia kabisa umbali wa sentimita sita tu kutoka hapo, na kila unapobana kwa jiriwa unabadilisha ramani yote. Maabara hupima jambo hilo kwa vifaa maalumu. Karakanani utakuwa unabahatisha.

Na kama unawaza kutengeneza mashine ya msuguano wa kukoroga kutokana na drili ya meza, achana na wazo hilo kabisa. Nguvu za kukandamiza ni za mamia ya kilo na zaidi, beringi za drili hazikuundwa kwa mzigo wa pembeni, na bodi ya msumeno yenye kuta nyembamba na mabonde haina mahali pa kuegemea kutoka chini.

Iko njia ya kati ambayo ni vyema uijue. Unaweza kuzuia alumini na magnesiamu zisigusane kabisa kwa kuweka metali ya tatu katikati, kwa mfano zinki, au kwa kuunganisha kwa lehemu ya jamii ya zinki huku ncha ya altrasaundi ikivunja oksaidi bila kutumia dawa ya kulehemu. Watafiti wa Harbin, Uchina, wamefanya kazi nyingi upande huo. Pasi za kulehemu zenye altrasaundi zipo na hushika alumini vizuri. Lakini kiungo chake ni cha kubeba umeme au kuziba, si cha kubeba mtikisiko wa msumeno kutwa nzima.

Ningekuwa wewe, ningeachana na mshono wa alumini na magnesiamu na kuchomelea magnesiamu kwa magnesiamu. Bodi nyingi za misumeno hii ni aloi ya magnesiamu iitwayo AZ91, yenye kama asilimia 9 ya alumini na asilimia 1 ya zinki, na fimbo za kujazia zinazofaa ni AZ92A au AZ101A. Mashine yako ya TIG inatosha, kwa mkondo geu na agoni kama ulivyozoea. Kata sehemu yote uliyoichomelea kwa alumini mpaka ufikie metali safi, kwa sababu msombo ukibaki chini ufa utaanzia hapo. Ondoa mafuta yote, kwani bodi ya msumeno huwa imeyanywa kwa miaka. Tumia brashi ya waya ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa alumini wala chuma. Sehemu nene ipashe joto la nyuzi 150 hadi 200 kabla ya kuanza, jenga sikio kidogo kidogo, kisha acha lipoe taratibu likiwa limefunikwa. Tegemea kuona vitundu vya gesi, kwa sababu metali iliyosubiwa kwa shinikizo hubeba hewa ndani yake. Vikiwa vingi, kata na urudie.

Kabla ya hayo yote, nakusihi juu ya moto. Vumbi na vinyweleo vya magnesiamu ndivyo vinavyowaka kwa urahisi kuliko kipande kizima. Usiviache vikusanyike chini ya grainda, na usisage chuma mahali pale pale, kwa kuwa cheche moja inatosha. Vikiwaka usimwagie maji, kwani yatatoa hidrojeni na kulipua, wala usitumie mtungi wa kaboni dioksaidi, maana magnesiamu huendelea kuwaka hata ndani ya gesi hiyo. Weka ndoo ya mchanga mkavu kabisa karibu nawe, au mtungi wa unga maalumu kwa moto wa metali. Pia ukiona bodi ina ngozi ya manjano inayoelekea kahawia, huenda ni kromati, na vumbi lake ni sumu. Vaa kinga ya pua na uisafishe kwa hali ya unyevu, usiikwangue kavu.

Kama mteja bado anataka sikio la alumini, lifunge kwa bolti. Hapo Tanga una adui mwingine, nao ni hewa ya chumvi. Magnesiamu ikigusana na metali nyingine mbele ya chumvi ndiyo inayoliwa kwanza, na hakuna mtetemo unaoweza kubadili tabia hiyo. Bolti tupu ya chuma juu ya magnesiamu ni mbaya zaidi. Paka rangi ya epoksi pande zote mbili, weka washa na bomba la nailoni kati ya bolti na bodi, na ziba ukingo kwa silikoni ili maji yasipate pa kukaa.

Hukusema sikio hilo linashika nini. Likiwa la mfuniko au kichujio cha hewa, endelea. Likiwa linashika mpini, breki ya mnyororo au bamba la mnyororo, mwambie mteja anunue bodi nyingine, na usikubali kushawishiwa. Kwa sikio lolote utakalolijenga, fanya kwanza sampuli kwenye kipande cha bodi iliyokufa, ulipinde kwa jiriwa mpaka livunjike na utazame uso wake. Kisha paka rangi ya kupenyeza kwenye kazi yenyewe kutafuta nyufa. Ukitaka uhakika zaidi, peleka sampuli TIRDO, shirika la utafiti na maendeleo ya viwanda lililoko Dar es Salaam, au kwenye maabara ya uhandisi ya chuo kilicho karibu nawe, na uwaulize kama wanaweza kuikata na kukuonyesha mshono kwenye hadubini. Wapelekee na kile kipande kilichokatika kama kigae, bila kukisafisha.